Nyumba za Wazee Wetu na Wageni wa Kulipa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi, kijana mmoja katika wanafunzi wetu alituletea masala ambayo hatukuweza kuyajibu usiku ule. Alisema: "Sheikh, sisi ni warithi watano, ndugu wa baba mmoja. Nyumba yetu iko Lamu, ni ya mawe, na baba aliirithi kwa babu. Ndani yake hakai mtu sasa ila shangazi yetu, naye ni mjane na umri umekwenda. Amekuja mnunuzi, ataka kuifanya hoteli ya wageni, na fedha anazotoa hatujapata kuziona maishani mwetu. Je, yafaa kuuza?" Kabla hatujajibu, mwenziwe akadakia: "Na je, Mwislamu akisafiri, yafaa kwenda kulala katika hoteli kama hizo?"

Wanazuoni wametufundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Nasi hoteli hizo hatukuwa tukizijua ila kwa kuzipita mlangoni, na kwa maneno ya watu. Na maneno ya watu ni ya namna mbili, ama ni sifa za wenye kuuza ama ni lawama za wasioweza kununua. Kwa hivyo tulimwambia kijana yule asubiri.

Ikasadifu kwamba mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye Mwenyezi Mungu amemkunjulia riziki, aliozesha huko Lamu, akakodi vyumba katika hoteli ya namna hiyo kwa ajili ya wageni wake, na sisi tukiwa miongoni mwao. Tukakubali, tukalala usiku mmoja. Jina la hoteli hatulitaji, kwani si kusudi letu kumsema mtu. Na zilizo mfano wake ni nyingi, Lamu na Shela, na Mji Mkongwe wa Unguja.

Tulipokewa kwa adabu. Mlango ulikuwa ule ule wa nakshi wa zamani, na madaka ya mawe pande mbili yamepakwa chokaa upya, yang'ara. Kijana aliyevaa kanzu na kofia alitupa kitambaa kilichotiwa marashi tujifutie uso, na bilauri ya sharubati ya ukwaju, kisha akatupitisha kiwandani. Pale palipokuwa pakioshwa vyombo na kupetwa mchele, sasa pana birika la kuogelea. Tukapandishwa ngazi, tukapita msana wa kwanza na wa pili, tukaingizwa katika chumba cha ndani kabisa. Ukuta mzima wa chumba kile ni zidaka, na kila kidaka kimetiwa taa ndogo iliyofichwa. Katika zidaka hizo hamna Msahafu wala sahani za kauri; mna chupa za mafuta ya kujipaka na kitabu cha picha za mji. Kitanda kimetandikwa mashuka meupe, na juu ya mto wamenyunyiza asumini. Baridi yatoka katika mashine iliyofichwa nyuma ya ubao wa nakshi. Bei ya usiku mmoja, tulipoiona imeandikwa, ilikaribia mshahara wa mwezi wa mwalimu wetu wa chuo.

Hatutaki kudhulumu, na mwenye kutaka haki kwa watu huanza kwa kuitoa. Chumba kile kilikuwa kizuri. Boriti zilikuwa mpya na zimepangwa sawasawa; chokaa imepakwa na fundi anayejua kazi yake, si saruji ya kuficha nyufa. Vijana wa kazi walikuwa wenyeji, wapole, na muda wa sala ulipoingia hakuna aliyezuiwa kwenda msikitini. Lau tungesema kwamba tulichukizwa na kila tulichokiona, tungekuwa tumesema uwongo.

Lakini usingizi haukutujia upesi, na sababu yake tuliijua tulipotazama tena zile zidaka. Tulikuwa tumelala ndani.

Msomaji wa Mombasa ambaye hakulelewa katika nyumba za Lamu yafaa ajue mpango wake, kwani bila ya mpango huo hatafahamu tusemalo. Nyumba hizo hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko. Kwa hivyo vyumba ni virefu na vyembamba, maana upana wa chumba hauwezi kuupita urefu wa boriti. Mtu huanza na daka, mahali pa kukaa wanaume na kuzungumza na wapitao njia. Mlango ukifunguliwa, haumwonyeshi mpita njia yaliyomo, kwani njia ya kuingilia hupinda kabla ya kufika kiwandani. Karibu na mlango ndipo penye sabule, chumba cha mgeni. Nacho hutengwa na nyumba, mara nyingi kina ngazi yake mbali, ili mgeni apate raha yake na wenye nyumba wasiondolewe sitara yao. Kisha hufuata msana wa tini, na msana wa yuu, na kila ukizidi kuingia sakafu hupanda kidogo, hata ufike ndani. Huko ndani ndiko kwa mama wa nyumba na mabinti zake. Na nyuma ya hapo kuna chumba kingine cha giza, ambamo wazee wetu wengi walizaliwa, na ambamo walioshwa walipokufa.

Basi angalia, ewe ndugu msomaji, jinsi mambo yalivyopinduka. Mpango wa wazee wetu ulimweka mgeni karibu na mlango, akapewa kilicho bora bila ya kulipa, na mwenyeji akakaa ndani. Sasa mgeni amepelekwa ndani kwa kuwa amelipa, na mwenyeji amesimama mlangoni amevaa kanzu ya kazi.

Nasi hatusemi haya kwa kubuni. Alfajiri tulipotoka kwenda msikitini tulimkuta mlinzi, mzee anayetupita umri, ameketi dakani. Tukamwamkia, akaitika, akatuuliza tumelala chumba gani. Tulipomwambia, akacheka kidogo akasema: "Nyumba hii ilikuwa ya ami yangu, Sheikh. Nimeingia na kutoka hapa tangu udogo wangu. Lakini chumba hicho, tangu nilipobaleghe, sikupata kukiingia mpaka siku tuliyobeba kitanda cha hoteli."

Maneno ya mzee huyu yalitukaa moyoni zaidi kuliko kila kilichokuwamo chumbani. Hakuyasema kwa uchungu. Aliyasema kama mtu anayehadithia khabari ya mvua ya mwaka jana. Je, mzee huyu amedhulumiwa? Na kama amedhulumiwa, ni nani aliyemdhulumu: mnunuzi, au ami yake, au wana wa ami yake, au sisi tuliolala?

Tuanze na sisi tuliolala. Katika Suratun-Nur Mwenyezi Mungu amewakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na wawatolee salamu wenyewe. Kisha, baada ya aya chache, ameondoa lawama kwa mwenye kuingia nyumba zisizokaliwa na watu ambazo ndani yake mna manufaa kwake. Na miongoni mwa wafasiri wako waliosema kwamba zakusudiwa nyumba za kupanga wasafiri njiani. Kwa hivyo nyumba ya kupanga kwa malipo si uzushi wa Wazungu. Mpaka leo imesimama Cairo, karibu na Al-Azhar, wakala ya Sultani Qansuh al-Ghuri iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 16: chini ziliwekwa bidhaa, na juu walilala wafanya biashara. Na miji mingi ya Kiislamu ilikuwa na nyumba za wasafiri zilizowekwa wakfu, mpitaji akalala na mnyama wake akalishwa.

Hata katika mwambao wetu, ukarimu na biashara havikuwa mbalimbali kama tunavyopenda kujisifu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona kwamba jahazi ikitia nanga, vijana wa mji huiendea na sahani za chakula, kila mmoja akamkabidhi mfanya biashara mmoja na kusema kwamba huyu ni mgeni wake. Mgeni hulala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia bidhaa zake. Safari hiyo hiyo alilala usiku mmoja katika kisiwa chetu cha Mombasa, akawasifu wenyeji wake kwa dini na wema. Basi asitwambie mtu kwamba wazee wetu hawakujua faida ya mgeni. Waliijua. Lakini mwenyeji yule alikuwa na jina lake, na mgeni alilijua. Na mgeni akidhulumiwa sokoni mwenyeji huona haya mbele ya mji mzima. Ulikuwa mkataba wa watu wawili wanaojuana nyuso. Hoteli nayo ni mkataba, na mkataba wake ni halali. Ila nyuso za wenyewe hazimo.

Jawabu la mwanafunzi wetu wa pili, basi, ni kwamba kulala katika hoteli ya namna hiyo kwaasili kwafaa, madhali mtu hakusudii maasi, na hatoi katika israfu fedha ambazo watu wake wanazihitaji. Lakini kufaa ni daraja ya chini kabisa ya jambo, na Mwislamu hapewi akili ili aishie hapo tu.

Sasa tuje kwa kijana wa kwanza na nyumba yake, ndipo penye uzito.

Wako watu wasemao: "Lau si hoteli hizi, nyumba zote zingekuwa magofu." Na maneno haya yana ukweli ambao hatuwezi kuuruka. Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001. Lakini maandishi hayapaki chokaa. Nyumba ya mawe ikiachwa miaka michache bila ya kutengenezwa, maji huingia darini, boriti huoza, na dari huanguka. Beit al-Ajaib iliyojengwa na Sayyid Barghash Unguja mwaka 1883 haikuwa hoteli; ilikuwa mali ya umma na fakhari ya mji, na kila mtu akisema kuwa ni yake. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake kubwa ya mbele iliporomoka, na watu wakafa. Mwenye kusema kwamba hoteli imeuokoa ukuta, basi amesema kweli. Na fundi wa chokaa anayepata kazi kwa hoteli hizo ana watoto wa kulisha.

Wako wengine wasemao: "Nyumba hizi ni takatifu, ni za wazee wetu, kuziuza ni kuuza mababu." Hawa nao twawaambia: punguzeni. Jiwe haliabudiwi. Nyumba hizi hazikujengwa na malaika. Utajiri uliozijenga ulitoka katika biashara ya bahari na katika mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa, na mawe yake mengi yalibebwa kwa vichwa vya watu ambao hawakuulizwa kama wataka kuyabeba. Utumwa haukupigwa marufuku katika mwambao wa Kenya mpaka mwaka 1907. Katika watu wanaolia leo kwa ajili ya nyumba hizo, wako ambao bibi zao waliingia ndani kwa kufagia tu. Na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoyakumbuka katika Al-Inkishafi majumba ya Pate yaliyokuwa yaking'ara taa na zidaka zake zikawa makao ya ndege, hakukusudia watu waende wakazijenge tena. Alikusudia kuuonya moyo wake usidanganyike na dunia. Nyumba hufa kama mwenye nyumba.

Ikiwa ukuta umeokoka, na ikiwa jiwe si la kuabudiwa, basi kilichopotea ni nini? Maana kimepotea kitu. Mzee yule wa dakani ni shahidi.

Sisi twaona kwamba nyumba si ukuta. Nyumba ni haki zilizokaa ndani ya ukuta. Mjane ana haki ya chumba cha nyuma, hata kama hana pesa. Yatima ana haki ya kulelewa na wana wa nyumba. Jirani ana haki ya sahani ya futari, na ya kupita wikioni binti zake wakaenda kwa jamaa zao bila ya kushuka njiani. Watoto wa mtaa wana haki ya daka la mwalimu asubuhi. Mpita njia ana haki ya maji. Na mgeni ana haki yake: siku moja na usiku wake kwa takrima, na siku tatu kwa ukarimu, na kinachozidi ni sadaka, kama alivyofundisha Mtume (s.a.w.), ambaye pia amemkataza mgeni asikae hata akamtia mwenyeji dhikini. Haki hizi hazikuandikwa katika hati ya nyumba. Kwa hivyo nyumba ikiuzwa, hazimo katika bei, wala hakuna wakili anayeziuliza. Ukuta huhama kwa mwenye kununua, na haki hizo zabaki njiani, hazina pa kulala.

Na hapa hatutamwanza mnunuzi kwa lawama. Mnunuzi hakuvunja mlango. Aliikuta nyumba ambayo mirathi yake haikugawanywa kwa vizazi viwili au vitatu. Ndugu hawasemezani kwa ajili ya chumba kimoja. Mmoja yuko Ughaibuni ataka fedha, mmoja yuko Mombasa hataki kutoa hata gharama ya mfuko mmoja wa chokaa, na mmoja amekopa kwa harusi ya siku saba ili asisemwe na watu. Aliyekuja na fedha taslimu aliwakuta wamekwisha kuachana. Yeye alilipa tu nauli ya kila mmoja kwenda zake. Twawalaumu wageni kwamba wamenunua miji yetu, na sisi ndio tuliowaandikia wakati tulipochelewesha faraidhi.

Basi tulimwita kijana wetu tukamuuliza swali moja kabla ya yote: "Babu yako alipokufa aliacha nani?" Akasema: "Aliacha baba yangu na shangazi yangu tu, bibi alikwisha kutangulia." Tukamwambia: "Basi nyinyi si warithi watano. Mwanamume ana mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Theluthi ya nyumba hiyo ni ya shangazi yako tangu siku aliyokufa baba yake, na nyinyi watano mna theluthi mbili za baba yenu. Hakai kwenu. Nyinyi ndio mliomkuta kwake."

Kijana alinyamaza. Si kwamba alikuwa mwizi. Ni kijana mwema, huja darsani na humtumia shangazi yake chakula. Lakini kwa miaka yote hiyo hapana aliyemhesabu bibi yule ila kama mtu anayehifadhiwa, na kumbe ni mwenye mali anayehifadhi. Ni nyumba ngapi katika miji yetu zenye khabari hii? Mwenyezi Mungu amezigawa haki kwa neno Lake Mwenyewe, kisha sisi twaja kumpa mwanamke chumba cha nyuma badala ya fungu lake, na tukamtaka atushukuru.

Kisha tulimweleza mambo mengine matatu, nasi twayaweka hapa kwa manufaa ya wote.

La kwanza ni jirani. Imepokewa na Bukhari kwamba Abu Rafi', aliyekuwa huria wa Mtume (s.a.w.), alikuwa na vyumba viwili katika uwanja wa Sa'd bin Abi Waqqas, akamtaka Sa'd avinunue. Sa'd akasema hatazidisha dirhamu 4,000, tena kwa kulipa kidogo kidogo. Abu Rafi' akasema kwamba amekwisha kupewa dinari 500, nazo ni zaidi. Lakini amemsikia Mtume akisema kwamba jirani ana haki zaidi kwa ajili ya ujirani wake, na kwa hilo akampa Sa'd. Twajua kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi'i haki ya shufaa ambayo kadhi huihukumu ni ya mshirika, si ya jirani ambaye mipaka yake imekwisha kutengwa. Na Mahanafi wameipanua hata kwa jirani. Lakini Abu Rafi' hakupelekwa kwa kadhi. Alikubali kupata kichache ili ukuta wake ubaki kwa mtu aliyeujua. Asiyeweza kufanya hivyo hapati dhambi. Lakini hata kumuuliza jirani, ndugu zangu, hata kumuuliza tu?

La pili ni matumizi. Wanazuoni wa madhehebu yetu wamemkataza mtu kumuuzia zabibu anayejua kwamba atazikamua tembo, kwa kuwa tumekatazwa kusaidiana katika dhambi. Ikiwa mnunuzi amesema wazi kwamba darini pataketiwa na kunywewa ulevi, muuzaji asijifanye hakusikia. Na hata kama hapana ulevi, dari iliyoinuliwa ili wageni waitazame bahari hutazama pia viwanja vya majirani, ambamo wanawake hufua na kujitandaza. Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kulipiza madhara. Haya yote huweza kuandikwa katika mkataba kabla ya fedha kupokewa. Baada ya kupokewa, ni malalamiko tu.

La tatu ni kwamba kuuza si njia pekee. Nyumba huweza kukodishwa kwa miaka maalumu, mwenye kukodi akaitengeneza, kisha ikarudi. Huweza kuwekwa wakfu sehemu yake na sehemu ikatumika kwa faida. Huweza warithi wenyewe kuweka mtaji kidogo kidogo, wakaifungua sabule tu kwa wageni wa kulipa, na ndani kukabaki ndani. Haya yahitaji jambo moja ambalo mnunuzi hawezi kutuuzia: ndugu wakae mkeka mmoja wasikilizane.

Msomaji atataka kujua yaliyofuata. Kijana alisafiri kwa shangazi yake, akamwambia habari ya theluthi yake na akamtaka radhi. Tulidhani, na hapana haja ya kuficha, kwamba bibi atalia na kusema hatoki katika nyumba ya baba yake mpaka atoke kwa jeneza. Sivyo. Bibi alisema: "Mwanangu, ngazi zimenishinda tangu mwaka juzi. Nipeni changu ninunue chumba cha chini karibu na msikiti, mlango kwa mlango na mtu nitakayeweza kumwita usiku. Lakini jirani aulizwe kwanza, kwani ukuta wa kaskazini ni wake na wetu."

Aibu hiyo si ya kijana peke yake. Sisi nasi tulikwisha kumtetea bibi yule moyoni mwetu kwa khutba nzima, na hatukumtuma mtu amuulize anataka nini. Mwenye kulia kwa ajili ya nyumba za kale mara nyingi hulia kwa ajili ya picha iliyo kichwani mwake, na mwenye kupanda ngazi ni mwingine. Jirani ameulizwa, aitaka, lakini fedha yake ni ndogo na ni ya kulipa kidogo kidogo, kama ya Sa'd. Mnunuzi wa hoteli bado yuko, na fedha yake i taslimu. Ndugu hawajaafikiana. Wawili wasema wamuuzie jirani, wawili wasema taslimu, na kijana wetu bado anafikiri. Sisi tumewaambia lililo halali, na lililo bora. Kuchagua ni kwao, na hesabu ni kwa Mola wao.

Ama wewe msafiri ambaye utalala katika nyumba kama ile, lala, lakini ujue umelala wapi. Toa salamu unapoingia, hata kama aliye mlangoni ameajiriwa ndiye akutolee wewe. Muulize nyumba ilikuwa ya nani, na umtie mwenyewe katika dua. Usisimame darini ukatazama viwanja vya watu, wala usiwapige picha wanawake wapitao njiani kama kwamba wao ni nakshi za mlango. Na yule aliyekubebea mzigo, mpe haki yake mkononi, kwa wema, wala usimkumbushe kwamba umelipa kwa bwana wake.

Limebaki jambo moja, nalo ni letu wenyewe. Tuliporudi Mombasa tulikwenda kukifungua chumba kile cha karibu na mlango ambacho marehemu baba yetu alikuwa akiwaweka wageni wake: maulamaa kutoka Lamu na Unguja, manahodha, na mara nyingine mtu asiyejulikana aliyeachwa na jahazi. Ufunguo tuliutafuta kutwa nzima. Mlango ulipofunguka tulikuta magunia, baiskeli mbovu, na majalada ya jarida hili ambayo mchwa wameyala kuliko walivyoyasoma wasomaji. Hatukukumbuka ni lini mgeni wa mwisho alilala humo. Hapana mnunuzi aliyekuja kwetu, wala hati haikuandikwa. Na sabule ilikuwa imekwisha kuondoka.

Tumeanza kukisafisha. Twawaomba ndugu zetu nao wafungue vyao, watazame mna nini.

Wallahu a'lam, na kwake Yeye ndiko kuafikiwa.